Mama Mdogo si Mama

Siwema alirudi kutoka zamu akiwa hoi, akamkuta mtoto, Tunu, anachemka kwa homa. Kabati la dawa, ambalo humfungukia mzazi peke yake, likakataa, likasema:

"Wewe ni mama mdogo. Mama mdogo si mama."

Akampigia simu fundi wa kabati.

"Pole, dada. Wamebadilisha kompaila, ile inayotafsiri programu za nyumba. Ya zamani ilikugeuza mama kimyakimya. Hii mpya inataka utamke mwenyewe kwa nini uhesabiwe mama."

Siwema alikuwa amechoka mno kubishana. Akaliambia kabati kwamba yeye ndiye mlezi, kwamba dada yake, aliyemzaa Tunu, alifariki siku ya kujifungua. Kabati likafunguka.

Alipogeuka na chupa ya dawa, mtoto alikuwa ameketi mkekani, macho wazi.

"Mama, ni nani aliyenizaa?"

"Kunywa kwanza," Siwema akasema, akimsogezea kijiko.