Jiwe Lililochukua Jina la Nyamizi

Siku hizo jiwe jipya likishapewa jina, hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuitwa jina hilo tena.

Kabula alilipima jiwe moja jekundu la zebaki, salfa na iodini kwa miaka minne, punje kwa punje, mpaka wataalamu wakakiri kwamba halijapata kuonekana duniani. Akalipa jina la bibi yake, Nyamizi.

“Mjukuu wangu ana jicho, jamani!” bibi aliwatambia majirani, akiwaonyesha picha. “Tazameni linavyong’aa, limenishinda siku ya harusi yangu!”

Kisha akamgusa Kabula tumbo. “Na huyu tuliyesema atanirithi jina?”

“Tutamtafutia jingine, bibi. Jiwe halifi.”

“Kweli,” bibi akasema. “Halifi.”

Jioni babu alimwita bibi kutoka uani kwa mazoea, “Nyami…” akakatiza, akasingizia kikohozi.