Mikono Isiyotetemeka

Siku hizi wanafunzi wa ukunga hutolewa woga mwaka wa kwanza, ili mikono isitetemeke mzazi akivuja damu. Dada yangu Mwanaheri alitolewa wake Februari. Sasa anaepua sufuria bila kitambaa, na vidole vyake vina malengelenge.

Jana asubuhi, mimba yangu ikiwa ya miezi minane, niliona damu kwenye kanga.

"Dada, navuja damu."

Aliitazama, akaendelea kuchambua mchele. "Najua la kufanya, mdogo wangu. Nimalize huu kwanza."

"Kwani mchele ndio unaozaa?" Mama alimuuliza, akitetemeka mwili mzima. Ndiye aliyeita gari.

Hospitalini wakunga wanne walituona tukishuka. Walitabasamu. Hakuna aliyekimbia.