Eda ya Mgongo wa Kijani

Tangu kila mgongo upakwe utando wa kijani unaonasa mwanga kama jani, watu wote wa mtaa walilala juani kila siku saa sita kuijaza umeme betri ya mtaa. Mwanatumu, aliyefiwa na mumewe, alijifungia ndani akakaa eda.

“Bi Mwanatumu, taa zetu zinafifia kwa ajili yako,” mjumbe Shekue alilalamika mlangoni.

“Na zizimike! Marehemu mlimwanika mpaka siku anakata roho. Mimi eda nakaa ndani, mtake msitake!”

Mjumbe akaenda zake. Mwanatumu akajilaza, mgongo ukutani. Alipoamka, mwili ulikuwa umejigeuza wenyewe, mgongo umeelekea ufa wa dirisha, unakunywa mwanga.

Akaachia tusi alilolipenda marehemu, akainuka kutafuta nyundo, misumari na ubao wa kuzibia ufa.