Shati la Byron

Mkeka aliokuwa akiusuka Edith asubuhi ile ulikuwa wa kuzikia tunda.

Tunda lenyewe lilikuwa pembeni yake, limevishwa shati la bluu la mwanawe Byron na kufungwa vifungo vyote. Lilikuwa tunda la yago, refu kama mkono wa mtu mzima na zito kuliko linavyoonekana. Kisiwa kizima cha Rusinga kinajua kazi yake. Mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, yago huzikwa badala yake, watu wakalia wakamaliza.

Phanice, dada yake Byron, alishindwa kulitazama lile shati. Yeye ndiye aliyelipiga pasi kabla kaka yake hajaondoka na lori la chumvi, kutoka Migori kwenda Kigali, mwisho wa Machi 1994. Wiki moja baadaye redio ikaanza kusema mambo ambayo hakuna aliyeyaelewa.

Kwa miezi miwili Edith alikataa katakata habari ya yago. Shemeji yake Fanuel alikuja kila Jumapili kumsihi. Byron ndiye mkubwa, alisema, na mambo yake yasipokamilishwa, mdogo wake Cliff hawezi kuoa.

“Simziki mtu ambaye huenda yuko hai,” Edith alimjibu. “Cliff angoje. Wasichana hawajaisha Mbita.”

Na kwa kuwa kukaa bure kungemtia wazimu, alisuka. Kila redio iliposema miili imeonekana tena ikielea kwenye mto Kagera kuingia ziwani, alishuka ufukweni kukata mafunjo. Watu kisiwani waliacha kula samaki. Edith alisuka mikeka ya kumtosha mtu kulala, akairundika jikoni.

“Ziwa ni hili hili moja,” alisema. “Wakifika huku, wasilazwe mchangani kama mizoga.”

Hakuna aliyefika. Rundo la mikeka likafika dirishani. Phanice alisuka naye hadi vidole vikatoka damu, na kwa kila mkeka alimwombea kaka yake, ingawa matumaini yalikuwa yakimwisha na hakuthubutu kusema.

Kisha Alhamisi moja akaja Mokua, Mkisii wa Migori, dereva mwenzake Byron. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama na Edith kando ya zizi wakizungumza kwa sauti ya chini. Phanice, aliyekuwa akikoroga uji, aliwaona kwa mbali. Mokua aliinua vidole vya mikono yote miwili, kisha akaongeza kimoja. Edith akaketi chini kwenye samadi.

“Pole sana, mama,” Mokua alisema alipokuwa akiondoka. Uji hakuugusa.

Phanice alimkimbilia mama yake. “Amesema nini?”

“Amenieleza yote. Nenda kamwambie Fanuel nimekubali.”

Phanice alianguka pale pale akalia kwa sauti, majirani wakaja mbio. Mama yake hakutoa chozi. Alichukua panga, akaenda kuliangusha yago mwenyewe.

Kwenye maziko, Jumamosi, ndipo watu walipoanza kutazamana. Edith aliamuru kaburi lichimbwe nje ya ua.

“Yawa, shemeji!” Fanuel alishangaa. “Mtoto wa kiume, tena wa kwanza, azikwe nje kama mwizi? Amekosa nini?”

“Nje,” alisema Edith.

Ndani ya boma, kando ya kaburi la mumewe, mahali palipokuwa pa Byron kwa haki, alimwagiza Cliff achimbe shimo jingine, pana zaidi. Kisha akaingia jikoni akachagua mikeka, ile iliyosukwa vizuri kuliko yote, akatoka nayo. Akailaza shimoni mmoja mmoja, taratibu, kama anayemtandikia mgeni. Phanice alihesabu kumi na mmoja. Hapo ndipo Edith alipolia, akalia mpaka sauti ikakauka, na lile yago ndani ya shati la bluu na mkeka wake likafukiwa huko nje bila hata mtu wa kuliimbia.

“Uchungu umemharibia akili,” Fanuel alinong'ona. Phanice naye aliona hivyo. Alimshika mama yake mkono akamrudisha nyumbani, na moyoni akajua sasa amepoteza wote wawili.

Jumatatu alikuwa akifagia uwanja alipoona mtu amesimama langoni. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, amevaa koti zuri la ngozi lililompwaya mabegani. Alikuwa akitabasamu. Ufagio ulimponyoka Phanice.

“Mama! Mama, ni Byron! Yuko hai!”

Edith, aliyekuwa ameanza mkeka mwingine, aliinua macho mara moja tu, akayarudisha kwenye mafunjo yake.

“Najua. Mokua aliniambia,” alisema. “Mwambie asivuke hilo lango, kisha muulize wale watu kumi na mmoja waliomwomba awafiche kwenye lori, aliwauza kwa nani pale kizuizini, na hilo koti alimvua nani.”