Uzi wa Buluu

Daktari aliyefundisha vijana kupasua maiti alimwita mshona sanda nyumbani kwake, akamrushia shuka jeupe.

"Mama, nikatie aproni mbili humo. Nimelinunua sokoni."

Mshona sanda akapitisha pindo vidoleni, kama afanyavyo siku zote kabla ya kushika mkasi. Vidole vikakwama. Ndani ya pindo palikuwa na uzi wa buluu, umefungwa mafundo matatu.

Uzi huo aliutumia mara moja tu maishani, Jumatatu iliyopita, kwenye sanda ya mdogo wake wa tumbo moja. Sheria ilimpa daktari maiti za walionyongwa. Mdogo wake alikufa kwa homa, si kwa kitanzi.

Kumbe siku ya mazishi jitu hili lilibeba jeneza huku likitoa pole, na moyoni linapima urefu wa marehemu!

"Vipi mama, shuka bovu?"

"Zuri sana, daktari. Nililishona mwenyewe."

Macho ya daktari yakakimbilia mlango wa ndani, ule wenye kufuli.

Mshona sanda akalikunja shuka taratibu, akalikumbatia, akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo. Mdogo wangu yuko uchi."