Nyuzi Nne za Besi

Wawira aliutambua uzi wa gitaa lake shingoni mwa fuko aliyenyongwa katika shamba la viazi vitamu.

Uzi ulikuwa umezama nyamani hadi manyoya yakaufunika. Mumewe alikivuta kijiti cha mtego, akacheka.

"Waya zako ni kali, mama watoto. Nimenasa watatu tangu asubuhi."

Gitaa hilo la besi, lenye sahihi ya mpigaji mashuhuri aliyelibuni, Wawira alikuwa amelingoja miaka saba. Saa nane mchana huo kwaya ya kanisa ingerekodi video Embu mjini, na mpiga besi alikuwa yeye peke yake.

"Ulijua narekodi leo."

"Nilijua. Ndiyo maana nikazitoa zote nne." Akamtupia fuko miguuni. "Kwani wewe ni mwanamuziki ama bibi yangu?"

Wawira akapiga magoti. Akaulegeza uzi polepole, akaufuta damu kwa leso.

"Mwanamuziki," akasema, akaelekea nyumbani.

"Ukitoka na hilo gitaa, usirudi hapa!"

Alirudi shambani mara moja tu, gitaa mgongoni, kuchukua nyuzi tatu zilizobaki mitegoni.