Soda ya Chérie

"Simama hapo. Leta hiyo soda."

Chérie akasimama katikati ya daraja, akihema. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kila asubuhi alivuka mpaka kutoka Congo kuja shuleni Bwera, upande wa Uganda, chupa mkononi, sweta la shule likimbana kama gunia lililojazwa kupita kiasi.

"Ni moja tu, afande. Niko na kiu."

"Moja jana, moja juzi. Unaona hilo tumbo?"

Afande Tumusiime, askari wa forodha pale darajani, hakuwa na roho mbaya. Binti yake Clare alikuwa ameonywa na nesi aache soda kabla mwili haujamshinda, na tangu siku hiyo afande alimwona Clare katika kila mtoto mnene. Huyu alimtia huruma zaidi. Shingo nyembamba, miguu myembamba, mafuta yote yameamua kuhamia kiunoni. Sukari haina adabu, aliwaza, akaimaliza ile soda mwenyewe ili isipotee bure.

Begi alikwisha kulipekua siku ya kwanza. Madaftari tu.

Lakini wiki hiyo afande alikuwa na balaa lake. Vitenge vya magendo vilikuwa vimejaa sokoni Bwera, na mkubwa wake alimwambia waziwazi: asipokamata mtu kufikia Ijumaa, anahamishiwa Karamoja, kule mbali kwenye ukame. Akapekua malori. Akachoma magunia ya mihogo kwa fimbo ya chuma. Akamvua mzee mmoja kofia. Hakupata hata leso.

Ijumaa barua ikafika kabla ya chai. Karamoja, Jumatatu. Ilimuuma sana, Clare angebaki na mama yake, na nani angemchunga na soda? Hata hivyo alipomwona Chérie akija akikokota miguu, alimpa mawaidha ya mwisho.

"Mimi naondoka. Acha soda, mutoto. Utapunguka."

"Ndiyo, afande."

Akamnyang'anya chupa, kama kawaida.

Nusu saa baadaye akaenda sokoni kumnunulia mkewe kitenge cha kumuaga. Wivine, mama wa meza ya kwanza, akachukua cha juu kabisa kwenye rundo, akamkabidhi. Kilikuwa na joto.

Pazia la nyuma likafunguka. Chérie akatoka, mwembamba kama mpini wa ufagio, sweta likimning'inia.

"Ulisema kweli, afande," akasema. "Nimepunguka."